John Denver, Koki ya Mafuta na Ile Noma ya Ndege za Kujiundia: Mbona Injini Huishiwa Nguvu Hewani?

Kama umewahi kupanda mathree ya Nakuru ama kukaa kwa baa fulani Kiambu Jumapili jioni, hii sauti unaijua hata kama jina halijawahi kukujia. John Denver. Yule msee wa "Take Me Home, Country Roads", ngoma ya 1971 ambayo Wakenya huimba kwa nguvu ni kama hiyo barabara inaelekea ushago kwao. Country kwetu ni kitu ya damu, na wasee wa mugithi wanajua hivyo vizuri. Chenye wengi hawajui ni vile Denver alituacha.

Ilikuwa Oktoba 12, 1997, karibu saa kumi na moja unusu jioni. Alikuwa pekee yake kwa kandege kanaitwa Long-EZ, juu ya ufuo wa Pacific Grove, California. Watu walikuwa chini wakasikia mlio wa kupasuka, kama pikipiki ikipiga risasi kwa sailensa, halafu sauti ya injini ikapungua. Ndege haikuwa juu sana, kitu futi 500 hivi ama chini ya hapo. Ikalala upande wa kulia, ikaelekeza pua chini, ikaingia baharini. Jamaa alikuwa na miaka 53.

Sasa skiza hapa. NTSB, lile shirika la Marekani huchunguza ajali za uchukuzi, lilipomaliza kazi yake halikusema injini ilikuwa mbovu. Liliangukia kitu ndogo sana, kitu hata mtu wa boda anaielewa kuliko rubani wa Boeing: koki ya mafuta.

Long-EZ ni ndege ya kujiundia. Ilichorwa na Burt Rutan, mhandisi mkali wa hizi mambo, na mfano wa kwanza ukaruka 1979. Wewe ulikuwa unanunua michoro, unaenda kwa gereji yako, unakata povu, unapaka faibaglasi, unatengeneza ndege polepole hadi siku iko tayari. Injini na propela ziko nyuma, kabawa kadogo kako mbele. Inakaa kama kitu imetoka kwa sinema. Mafuta iko kwa tanki mbili, moja kila bawa, na injini hunywa kutoka tanki moja kwa wakati. Ile ya kwanza ikikauka, rubani anageuza koki inahamia ya pili.

Kwa michoro ya Rutan, hiyo koki inakaa kati ya miguu ya rubani. Unainyoosha mkono tu. Lakini aliyeunda hii ndege, ambaye si Denver, hakutaka mafuta ipite ndani ya kabini. Ukifikiria, ni wazo la mtu anaogopa moto, na kuogopa moto ni akili. Akaihamisha nyuma, juu ya bega la kushoto la rubani.

Matokeo yake ni haya. Kuifikia ilibidi uachilie usukani, ulegeze mkanda wa mabega, kisha ugeuze kiwiliwili robo mzunguko kuelekea kushoto. Na mwili wa binadamu ukigeuka hivyo kwa kiti ndogo, mguu wa kulia husukuma yenyewe ukitafuta pa kujishikilia. Mguu wa kulia uko wapi wakati huo? Uko kwa pedali ya kugeuza ndege kulia. Umeona picha?

Haikuishia hapo. Koki haikuwa na alama yoyote ya kuonyesha tanki gani ni gani. Geji za mafuta zilikuwa nyuma, nazo hazina alama. Kabla aruke, Denver na fundi wa pale uwanjani waliongea kuhusu hiyo koki, vile iko mbali na vile ni ngumu kuzungusha. Wakajaribu kuishika na plaisi ya kujifunga ndio iwe ndefu kidogo. Ikakataa. Fundi akampa kakioo ka kuangalia geji nyuma ya bega. Akaulizwa kama anataka kuongeza mafuta, akasema zii, anaruka kama saa moja tu.

Huyu hakuwa mtu wa kujifunza, si ati alikuwa anabahatisha. Alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kurusha ndege. Lakini kwa hii ndege maalum alikuwa mgeni kabisa, alikuwa ameonyeshwa jinsi inaendeshwa siku moja tu kabla, kwa muda kama wa nusu saa. Ndege ilipovuliwa majini, koki ilipatikana katikati, haijaamua kama ni tanki ya kulia ama ya kushoto.

NTSB waligawa lawama. Kwanza rubani, kwa kupoteza umakini akihangaika na koki na kusukuma pedali bila kujua, na kwa kutoongeza mafuta. Halafu wakaweka mahali koki ilikuwa, geji bila alama, na mafunzo kidogo. Mimi naona hiyo hesabu ni ya haki, lakini ningeipanga kinyume. Denver alikosea kwa dakika chache. Ile koki ilikuwa imekosea tangu siku iliwekwa, na ilikuwa inangoja tu mtu yeyote tanki moja ikauke.

Linganisha na Boxer ya mtaa. Koki ya mafuta iko pale chini ya tanki, karibu na goti la kushoto. Injini ikianza kukohoa pale Outering, msee wa boda haangalii chini hata. Anashuka na mkono, anageuza kwa rizavu, anaendelea kubishana na abiria kuhusu Arsenal. Mtu aliyeweka hiyo koki pale alikuwa amefikiria kuhusu wewe ukiwa kwa shida, si wewe ukiwa umetulia.

Mbona nakuambia hii stori sai

Juu kila baada ya muda kuna video inatrend. Kijana fulani ameunda ndege nyumbani. Tunakumbuka yule jamaa wa Nyeri aliyejaribu na injini ya gari, dunia nzima ikaandika. Nchi zingine za Afrika ziko na wao pia. Komenti huwa zile zile: nusu wanasema gava impee pesa, nusu wanacheka. Mwandishi anauliza imetumia doo ngapi, na lini itaruka. Hakuna mtu huuliza mafuta inafika aje kwa injini ndege ikiinua pua.

Na hilo ndilo swali. NTSB walifanya utafiti mkubwa kuhusu ndege za kujiundia, wakautoa 2012. Huko Marekani hizi ndege zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege ndogo za watu binafsi, lakini mwaka wa 2011 zilibeba karibu asilimia 15 ya ajali, na asilimia 21 ya zile za vifo. Ajali 224 kwa mwaka, 54 kati yake watu wakakufa. Na vitu viwili ndivyo vilikuwa vinarudi rudi: injini kupoteza nguvu, na rubani kupoteza udhibiti. Mara nyingi hivyo viwili ni stori moja, kimoja kinaita kingine, kama tu ile jioni ya Pacific Grove.

Kuna kitu kingine kwa huo utafiti inafaa kushtua mtu yeyote anapenda vitu za mtumba. Zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali hazikuwa na yule aliyeziunda. Zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Na ajali za mtu akirusha mara ya kwanza ndege aliyonunua kwa mwingine zilikuwa nyingi kuliko za ndege mpya kabisa zikiruka mara ya kwanza. Aliyeunda anajua kila siri ya mashine yake. Mnunuzi anapata funguo na kicheko.

Injini inataka nini hasa

Fundi yeyote wa Grogan atakuambia: mafuta, hewa, cheche. Ongeza mgandamizo ndani ya silinda na uko na injini. Ndege haina sheria tofauti. Tofauti ni kwamba gari ikikosa moja ya hivyo unaweka hazadi, unashuka, unaanza kulaumu mtu aliyekuuzia. Hewani huna bega la barabara.

Kwa hivyo fundi wa ndege akiambiwa injini ilipungua nguvu, haanzi kufungua bolti. Anauliza maswali. Ilipungua polepole ama ilikata mara moja? Ilikohoa? Ilikuwa inapanda ama inashuka? Kulikuwa na joto? Ilikuwa imeruka dakika ngapi? Kwa kawaida, ikikohoa na kupandisha na kushusha, shuku mafuta. Ikikata ghafla kama taa za KPLC, shuku umeme wa cheche, ama chuma ndani imevunjika. Ikififia polepole bila kelele, shuku hewa ama barafu. Nimesema barafu, tutafika hapo.

Chukua ile swali ya dakika. Ndege inaruka vizuri, dakika 15 hivi injini inaanza kulia, inazima. Rubani anatua kwa shamba, Mungu saidia. Fundi anakuja, anafungua mfuniko wa tanki kuangalia mafuta, iko. Anawasha, inanguruma kama mpya. Wanaruka tena, dakika 15, stori ni ile ile. Huyo si pepo. Ni kishimo cha kuingiza hewa kwa tanki kimezibwa, na mara nyingi mwenye kukiziba ni nyigu alijenga nyumba ya matope ndani ya kabomba. Mafuta ikitoka na hewa isiingie, tanki inaanza kuvuta, hadi mafuta inakataa kushuka. Fundi alipofungua mfuniko alitibu ugonjwa bila kujua. Wasee wa boda wanajua hii kitu vizuri, pikipiki ikizima unafungua mfuniko wa tanki, unasikia "fsss", inawaka. Wewe umeona hiyo mara ngapi?

Maji nayo ni adui wa kimya. Tanki ikilala nusu usiku wa baridi, unyevu unashika kwa kuta na kuteremka. Maji ni nzito kuliko petroli, inakaa chini kabisa, pale injini inanywa kwanza. Ndio maana rubani mwenye akili huchota mafuta kidogo kutoka chini ya tanki asubuhi, kwa kachupa kaangavu, anaangalia. Petroli ya ndege ya aina ya 100LL ni ya bluu kidogo. Ukiona kachupa yote haina rangi, usifurahi ati mafuta ni safi. Inawezekana umechota maji tupu.

Kwa ndege mpya kabisa kuna takataka ya ujenzi. Vumbi la faibaglasi, vipande vya gundi ya kuziba tanki, chembe za alumini. Zote zinaishia kwa kichujio, na zinapenda kuishia hapo safari ya kwanza, ndege ikitikisika na pua ikiwa juu.

Barafu Nairobi? Eeh, barafu

Hii huwa inakataliwa na watu wengi. Kabureta hufanya kazi kwa kubana hewa ipite kwa koo nyembamba, hewa inakimbia, mafuta inavutwa na kugeuka mvuke. Hivyo vyote viwili hupoza. Joto ndani ya hiyo koo linaweza kushuka nyuzi 20 hivi kuliko nje. Fikiria asubuhi ya Julai pale Limuru, ukungu, nyuzi 12. Ndani ya kabureta uko chini ya sufuri, na unyevu uko tele. Barafu inaanza kujenga, inaziba njia ya hewa kidogo kidogo. Kwa ndege yenye propela isiyobadilika, utaona mizunguko ya injini inashuka polepole bila wewe kugusa kitu. Hata siku ya nyuzi 20 na kitu, kama hewa ina unyevu, hii inawezekana.

Dawa ni kuvuta kishikio kinacholeta hewa moto kutoka karibu na bomba la moshi. Na hapa ndio watu hupotea. Ukivuta, injini huzidi kulia kwanza, juu hewa moto ni nyepesi, na barafu ikiyeyuka inakuwa maji inapita kwa injini. Mgeni anaogopa, anarudisha kishikio haraka. Barafu inabaki. Unatakiwa kuvumilia hizo sekunde hadi nguvu irudi. Ndege nyingi za kujiundia zina kabureta, na kuna wasee huacha hii njia ya hewa moto juu "kwetu ni Afrika".

Upande wa pili wa hiyo shilingi ni joto. Umetua mchana jua kali, umezima, umekunywa soda, unawasha tena baada ya dakika 20. Joto lote la injini limepanda na kukaa kwa mabomba ya mafuta. Petroli, hasa ile ya kawaida ya gari, inachemka ndani ya bomba, inakuwa mapovu. Pampu haiwezi kuvuta mapovu. Injini inawaka poa, unaanza kupanda, inakufa futi 200. Ndio maana wajenzi wajanja huweka pampu ya umeme karibu na tanki, isukume mafuta mbele badala ya kuivuta, na kukinga mabomba yasipite karibu na moshi moto.

Halafu kuna nguvu ambayo hukuwahi kuwa nayo

Hii inagusa sisi kuliko mtu wa Florida. Uwanja wa Wilson uko kama futi 5,500 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Piga hesabu: injini ya farasi 100, hapo Wilson uko na 84 hivi, na jua likiwaka unapoteza zingine. Mabawa nayo yanapata hewa nyepesi, na propela pia. Ukisoma michoro ya Mmarekani anayeishi usawa wa bahari, anakuambia injini ya farasi 65 inatosha, wewe ukaiweka kwa kandege kako Nyeri, usishangae inakimbia uwanja wote haitaki kuinuka. Hapo hakuna kitu kimeharibika. Milima imekula farasi zako.

Mambo ya kuchanganya hewa na mafuta pia yanabadilika. Ukiacha mchanganyiko umejaa mafuta vile ungefanya Mombasa, injini ya zamani yenye kabureta ya kawaida inalemewa, inatoa moshi mweusi, inakosa nguvu. Marubani wa hapa hupunguza mafuta kidogo kabla ya kuruka. Mtu amejifunza Diani halafu akuje juu huku bila kuambiwa hivyo atadhani injini yake inaumwa.

Injini ya gari nayo? Wengi wetu tunaanzia hapo juu ni rahisi kupata. Nitakuambia ukweli, inawezekana, watu wamefanya. Lakini jua unachukua nini. Gari ikiteremka Thika Road inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Ndege inataka karibu yote kwa dakika kadhaa wakati wa kupanda, kisha nyingi kwa saa nzima. Mfumo wa kupoza hautarajii hiyo maisha. Injini ya gari hutoa nguvu yake ikizunguka mara 5,000 na kitu kwa dakika, na propela kubwa ikizunguka hivyo ncha zake zinakaribia kasi ya sauti, inabaki kelele tu. Lazima kuwe na giaboksi ya kupunguza. Hata Rotax 912 ya farasi 100, ambayo imeundwa kwa hizi ndege ndogo, inazunguka hadi 5,800 lakini giaboksi yake inapunguza kwa 2.43, propela inapata kama 2,400. Giaboksi ya kujichomelea kwa jua kali ni mahali pa kwanza mimi ningeangalia.

Pa pili ni umeme. Injini za ndege za kawaida, kama Lycoming na Continental, zina magneto mbili, kila moja inajitengenezea umeme wake, na kila silinda ina plagi mbili. Betri ikifa, injini haijui. Injini ya kisasa ya gari ina kompyuta moja, na bila betri na jenereta hiyo kompyuta ni kipande cha plastiki. Waya moja imelegea kwa sababu ya mtikisiko, na umekuwa rubani wa jiwe. Ukiona mtu ameweka injini ya NZE kwa ndege, muulize iko na betri ngapi, na kila moja inaendesha nini.

Kuhusu magneto, kuna kajaribio ka chini: unazima moja, unaangalia mizunguko, unarudisha, unazima ya pili. Mizunguko inashuka kidogo, hiyo ni sawa. Ikishuka sana, plagi chafu ama magneto imechoka. Chenye wengi hawajui, isiposhuka kabisa pia ni noma, juu inaweza kumaanisha hiyo magneto haikuzimika, na mtu akija kugeuza propela na mkono inaweza kumkata.

Ikikufa hewani

Rubani hufunzwa mpangilio huu hadi aote. Pua chini kwanza, uweke kasi ya kuelea. Chagua pa kutua. Kama bado kuna muda, badilisha tanki, washa pampu, vuta hewa moto, cheki mchanganyiko, cheki magneto. Redio ni ya mwisho. Mkono na macho ya Denver yalienda kwa koki kabla ndege iwekwe sawa, na kwa ile ndege hakukuwa na njia ya kufanya vyote viwili.

Kama ni futi 300 baada tu ya kupaa, kuna jaribu la kugeuka urudi uwanjani. Hiyo kona imeua marubani wa kila aina. Unapoteza kasi ukigeuka, bawa linaacha kubeba, unaanguka kama gunia. Shamba la mahindi mbele yako ni mbaya, lakini uko na usukani.

Kwetu, chochote kinachobeba mtu kikiruka kiko chini ya KCAA, na najua vile hilo jina hufanya vijana wafiche ndege nyuma ya nyumba. Kuna sababu ya kuogopa, makaratasi ni mengi na hakuna mtu anakushika mkono. Lakini naona shida kubwa iko kwetu sisi wa kupiga picha. Tunampatia kijana mbio ya kuruka, kamera zinangoja, chifu amekuja, mathee amevaa nguo ya kanisa. Mtu akiwa hapo mbele ya watu 400 hawezi kusema, "Leo haturuki, nimeona kapovu kwa bomba." Wamarekani huwa wanalazimisha ndege mpya ya kujiundia ikae kwa majaribio, mara nyingi saa 40 kama mchanganyiko wa injini na propela haujaidhinishwa, mbali na nyumba za watu, bila abiria. Hizo saa hazina kamera, na ndizo zinaonyesha nyigu, mapovu na koki.

Kuna jaribio moja haihitaji ofisi wala doo nyingi, na mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, imeiandika kwa kitabu chake cha wajenzi. Inua pua ya ndege hadi iwe imesimama kuliko vile itawahi kupanda, unaweza kuchimba shimo uweke gurudumu la nyuma. Weka mafuta kidogo tu kwa tanki. Toa bomba pale linaingia kwa kabureta, weka chupa, shika saa. Kama mafuta inashuka yenyewe, inafaa itoke asilimia 150 ya kile injini hunywa ikiwa kwa nguvu yote. Kama ni pampu, asilimia 125. Rotax ya farasi 100 hunywa kama lita 27 kwa saa ikipaa. Kwa hivyo chupa ya soda ya nusu lita inafaa ijae kwa sekunde 44 bila pampu, ama 53 na pampu. Fanya na tanki ya kulia, halafu ya kushoto, na ukibadilisha, geuza koki ukiwa umekaa kwa kiti, mkanda umefungwa, macho mbele. Kaa mbali na sigara, na uwe na mtu ameshika kizima moto. Ikichukua dakika na nusu, hiyo ndege bado ni ya kupiga picha tu.